Hesabu za Eksi Kwenye Banda la Mashine

Mwaka 1961 nilikuwa na miaka kumi, na ndipo shida iliponishika mkono. Mvua ilikataa, uwele ukakaukia shambani, ng'ombe wa baba wakaisha mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na samadi tu. Nilikuwa darasa la tatu kule kwetu Haneti. Baba akaniambia, "Shule haitoroki. Nenda mjini ukale." Nikaenda mjini. Shule kweli haikutoroka, ila mimi ndiye sikurudi.

Nayasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kusoma najua, kuandika najua, na kwenye kujumlisha na kutoa hajazaliwa wa kunidanganya. Kiingereza sijui na hakijawahi kuninyima usingizi.

Dodoma mjini nilibeba magunia kwenye mashine ya kusaga ya tajiri mmoja. Nilibeba mpaka nikaijua mashine kwa sauti yake, nikajua mkanda unapolegea na mawe yanapotaka kuchongwa. Miaka ya ruksa ilipofika, mtu akawa huru kufungua biashara yake bila kuulizwa maswali mengi, nikanunua mashine ya mkono wa pili na kuifunga kwenye banda la bati mtaa wa Chang'ombe. Mahindi, mtama, uwele, nilisaga vyote. Kwenye mashine ya watu niliingia na mgongo, kwenye yangu nikaingia na ufunguo.

Miaka hiyohiyo tuisheni zilichipuka kila uani. Mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, na mtihani nao ulikuwa hauna huruma, basi wakakutana hapo katikati. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja kusaga mahindi yake, akaona baada ya alasiri banda langu linakaa bure. Akaniomba. Nikamwambia banda nakupa, ila binti yangu utamfundisha bure. Tukakubaliana. Nikapaka masizi kipande cha plaiwudi kikawa ubao. Wakaja vijana wa sekondari wa mtaani, akaja na karani mmoja wa serikali, mtu mzima mwenye tai, ambaye alikuwa anajisomea kidato cha sita baada ya kazi. Walikuwa wanaingia weusi wanatoka weupe, kwa sababu unga wa banda lile haukuisha hata ukifagiwa vipi.

Sasa huyu binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, masomo mengine akafaulu, hesabu ikamwangusha. Alitaka chuo cha ualimu, na chuo kilitaka hesabu. Akajiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ilikuwa ndiyo nafasi yake, nyingine haikuwepo. Kwenye kikao cha ukoo Haneti nilikuwa nimeshasimama nikasema, mbele ya kaka zangu waliokuwa wanamtafutia mchumba, kwamba huyu hataolewa kwanza, huyu atakuwa mwalimu. Mimi nikishasema nimesema. Ila hesabu yeye haikujua kwamba nimesema.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwalimu akapata uhamisho wa kwenda Rukwa. Alikuja kuaga jioni, akapeana mikono na kila mtu, akaondoka. Vijana wakaanza kukusanya madaftari.

"Mnakwenda wapi?" nikawauliza.

"Mzee, mwalimu ameondoka."

"Kwani ameondoka na hesabu zenyewe? Si hizo hapo kwenye vitabu? Kaeni chini."

"Nani atatufundisha?"

"Nyie mtanifundisha mimi."

Walicheka mpaka unga ukaruka. Karani akasema kwa adabu, "Mzee, hizi ni aljebra na kalkulasi." Nikamwambia hata mashine nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa na jina la kutisha, leo naifungua nikiwa nimefumba macho. Nikaweka utaratibu. Kila jioni mmoja atasimama ubaoni, atasoma swali kwa hicho Kiingereza chao, ataligeuza Kiswahili, atalifanya, na atanieleza mimi. Nikielewa, kwaheri, tunakwenda nyumbani.

Tukaanza. Kijana wa kwanza alisimama akaandika mstari, chini yake mstari, chini yake mstari, kama mtu anayeshuka ngazi huku anakimbizwa na mbwa. Mwisho akaliwekea jibu mistari miwili. "Umeelewa, mzee?" Nikatikisa kichwa kuitikia. "Nimeelewa." Wote wakatikisa vichwa. Ilikuwa hivyo kila jioni. Nikaanza kujiona msomi. Hata kwenye foleni ya unga nilikuwa nawaambia kina mama kwamba eksi ni kitu kidogo sana.

Halafu ukaja mtihani wa majaribio shuleni kwao. Binti yangu hakuwa wa shule, lakini aliupata na kuufanya nyumbani. Walianguka. Walianguka wote pamoja kama matofali ya mtu aliyejenga bila kamba.

Jirani yetu mmoja, mama muuza vitumbua, mwanawe alikuwa darasani kwangu. Akaja na debe la mahindi kichwani na karatasi ya mtihani ya mwanawe imekunjwa juu ya mahindi.

"Baba," akasema, na foleni nzima inasikia, "mashine yako inasaga vizuri, sina neno. Mahindi yangu saga. Ila mtoto wangu niachie mzimamzima."

Kina mama wakapiga vigelegele vya kejeli. Nikasaga mahindi yake mpaka punje ya mwisho. Nilikuwa nafikiri. Mtihani wenyewe uko karibu. Hawa wakianguka tena, binti yangu anarudi Haneti kupokea posa, na mimi nitakaa kwenye kikao kilekile nikiwaangalia kaka zangu wakikuna ndevu.

Siku hiyo nilizima mashine mapema, nikawakusanya.

"Nielezeni. Kila siku mlikuwa mnanieleza, naelewa. Mimi wa darasa la tatu naelewa, nyie mnashindwaje?"

Karani akarekebisha tai. Binti yangu akainua macho.

"Baba, nikisema hutanichapa?"

"Sema."

"Hukuelewa hata siku moja. Ulikuwa unatikisa kichwa tu."

"Na nyie mliotikisa?"

"Tulikuwa tunakuitikia wewe. Mzee akisema ameelewa, nani atambishia? Mwisho tukafikiri na sisi tumeelewa."

Mwana wa mama vitumbua akaongeza, "Na pia, mzee, ukitikisa kichwa tunakwenda nyumbani."

Wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Ilikuwa kweli. Mimi natikisa kichwa kwa sababu wao ni wasomi, wao wanatikisa kwa sababu mimi ni mzee, na hesabu imekaa katikati haijaguswa na mtu. Adabu yote hiyo, na matokeo yake sifuri.

Nikasimama mlangoni. "Sikilizeni. Kuanzia kesho shikamoo mnaiacha hapa nje pamoja na kandambili. Nje mimi ni mzee wenu na atakayenipita bila kunisalimu atanijua. Humu ndani mimi ni mwanafunzi, mjinga kuliko nyote. Nikikosea niambieni nimekosea. Nisipoelewa, hakuna kutoka."

"Sasa tukuiteje?" akauliza karani.

"Mwanafunzi."

Nikachukua debe tupu, nikaligeuza, nikakaa chini yao kabisa.

Siku mbili za kwanza waliona haya. Baadaye walizoea, na walizoea kupita kiasi. Siku moja mwana wa mama vitumbua yuko ubaoni, mimi macho yangu yamekwenda kwa kuku waliokuwa wanadonoa pumba. Akapiga chaki ubaoni. "Wewe mwanafunzi! Huko kwa kuku kuna nini? Angalia ubaoni!"

Mke wangu alikuwa jikoni, nyuma ya banda, anasonga ugali. Akatokea na mwiko mkononi, ugali bado umeushika.

"Nani huyo anamwita baba watoto wangu 'wewe'?"

"Mama watoto, mwache. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kazi gani hii ya kugombezwa na watoto wa watu?"

"Hesabu."

"Basi kama kukugombeza ndiyo hesabu, mimi nilistahili digrii zamani."

Banda zima likaanguka kwa kicheko. Tangu siku ile akawa anakuja kuchagulia mchele wake mlangoni, anasema anafuata mwanga.

Jioni iliyotufungua macho ilikuwa ya swali la umri. Binti yangu ndiye alikuwa ubaoni. Baba ana umri mara tatu ya mtoto wake. Baada ya miaka kumi atakuwa na umri mara mbili ya mtoto. Tafuta umri wao. Akasema umri wa mtoto tuuite eksi.

"Simama hapo. Kwa nini eksi? Mtoto hana jina?"

"Hatumjui bado, ndiyo maana."

"Kama humjui unamwitaje?"

Akaitazama eksi yake ubaoni. Mimi mwenyewe nikawa nalitafuna, halafu likaniingia. Kwetu mama mkwe hatajwi jina. Mkwewe hamtaji, hamkazii macho, akimwona njiani anapinda. Lakini anamjua vizuri sana. Anamjua kwa mumewe, kwa binti yake, kwa watu waliomzunguka. Nikasema, "Kumbe eksi ni mama mkwe! Humtaji, unamzunguka kwa watu wake mpaka umjue."

"Hapo sawa, mwanafunzi," akasema binti yangu, na mke wangu mlangoni akaguna.

Akaandika: eksi tatu na kumi, ni sawa na eksi mbili na ishirini. Halafu akasema, "Sasa hii kumi inahama kwenda upande wa pili, inakuwa hasi kumi."

"Kwa nini?"

"Ikivuka alama ya sawasawa inageuka."

"Inageuka kwa nini? Mimi nilivuka kutoka Haneti nikaja mjini, mbona sikugeuka Mgogo hasi?"

Walikuwa wamefundishwa kwamba inavuka inageuka, wakaimeza hivyohivyo. Karani akasema, "Ndivyo ilivyo kanuni." Nikamwambia kanuni nenda nayo ofisini, hapa nataka sababu. Mtu wa kwanza kupiga hatua alikuwa msichana mmoja mpole kutoka upande wa Kondoa, kijiji cha Busi, aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake mtaani kwetu. Huyu alikuwa haongei kabisa.

"Ni kama mahari," akasema polepole. "Upande wa kiume na upande wa kike wamekaa, na mshenga katikati. Alama ya sawasawa ndiyo huyo mshenga. Anataka pande zote ziwe sawa. Upande huu kuna mazizi matatu yaliyofungwa, hatujui ndani wamo wangapi ila yote yana idadi moja, na nje wako ng'ombe kumi tunawaona. Upande ule mazizi mawili na nje ishirini."

"Enhe."

"Hii kumi haihami kwenda popote. Mshenga anasema kila upande utoe ng'ombe kumi. Huku nje wanabaki sifuri, kule wanabaki kumi. Halafu anasema kila upande utoe mazizi mawili."

Nikasimama kwenye debe langu. "Huku linabaki zizi moja, kule ng'ombe kumi! Zizi lina kumi!"

"Mtoto ana miaka kumi," akasema binti yangu, "na baba thelathini."

"Baada ya miaka kumi mmoja ishirini mwingine arobaini," nikasema. "Mara mbili. Imekubali!"

Nawaambieni, nimewahi kufurahi maishani, lakini ile ilikuwa furaha ya namna yake. Na vijana nao macho yalikuwa yamewatoka. Mwana wa mama vitumbua akasema, "Kumbe siku zote hakuna kilichokuwa kinavuka!" Yule msichana wa Busi akajifunika mdomo na kitenge, lakini tangu siku hiyo hatukuweza tena kumnyamazisha.

Hasi mara hasi ilinitesa zaidi. Wanasema ni chanya. Niligoma. Ukosefu juu ya ukosefu uzae mali? Wakanitoa nje uani. Binti yangu akanisimamisha nimeupa mgongo mlango wa banda.

"Tembea kinyumenyume."

"Nitaanguka."

"Tembea, mwanafunzi."

Nikatembea. Kugeukia kusiko, hiyo hasi moja. Kwenda kinyume, hasi ya pili. Nikajikuta naingia bandani kwangu vizuri kabisa, nikajikwaa gunia la pumba, nikakaa chini kwa makalio. Nilipotazama, nilikuwa nimefika hapohapo ambapo mtu mwenye akili zake angefika kwa kwenda mbele. Nikakubali nikiwa bado nimekaa. Mke wangu alicheka akamwaga mchele.

Yale ya shamba niliyapenda. Urefu unazidi upana kwa mita tatu, eneo ni mita za mraba ishirini na nane, tafuta upana. Wanafanya wanapata majibu mawili, nne na hasi saba. Nikauliza hasi saba ni upana wa nani. Wakasema si wa mtu yeyote, tunaukataa. Nikasema jibu mmelitafuta wenyewe, limekuja, halafu mnalifukuza? Msichana wa Busi akanijibu, "Tumeita upana, umekuja na mgeni asiyealikwa. Shamba unaweza kulima upungufu?" Siwezi. Tukamfukuza.

Kalkulasi ilikuwa ya karani peke yake. Yale ya kuzidisha urefu kwa upana yalikuwa hayanipi tabu, lakini hii! Swali lake lilikuwa hivi: mtu ana waya wa mita arobaini, anataka kuzungushia zizi pande tatu, upande wa nne ni ukuta. Afanyeje apate zizi kubwa kuliko yote? Karani akaandika eneo, akasema, "Sasa tunadifarenshieti, tunaweka sawa na sifuri, tunapata upana kumi, urefu ishirini."

"Kwa nini sifuri? Mtu anatafuta zizi kubwa, wewe unampa sifuri?"

"Ndiyo njia yake, mzee."

"Nani mzee?"

"Samahani. Mwanafunzi."

"Kwa nini sifuri, mwalimu?"

Karani alikuwa mtu mwenye heshima zake. Angeweza kukasirika akachukua baiskeli yake. Badala yake akalegeza tai, akasema, "Nakiri sijui. Nipe mpaka kesho."

Kesho yake akaja anatweta, shati limelowa, hata baiskeli hakuiegemeza vizuri. "Nimeipata!" akasema. "Nimeipatia kwenye kile kilima cha kutoka ofisini. Ukipanda unakanyaga kwa nguvu, unazidi kwenda juu. Ukishuka huna haja ya kukanyaga, unazidi kwenda chini. Lakini kileleni kabisa kuna mahali hupandi na hushuki. Hapo mwinuko ni sifuri. Na hapo ndipo juu kuliko pote!"

Akachora kilima ubaoni. Akasema zizi nalo lina kilima chake. Upana ukiwa mdogo sana, zizi ni kichochoro. Ukiwa mkubwa sana, waya wote unaishia ubavuni, linakuwa kichochoro cha upande mwingine. Katikati ya vichochoro viwili kuna kilele. Hiyo difarenshieti ndiyo kipimo cha mwinuko, unauliza tu ni wapi unakuwa sifuri. Mimi nilikuwa nimepandisha baiskeli na magunia ya uwele kwenye vilima vya kutoka Haneti miaka mingi, na kilele hicho ninakijua kwa mapaja. Nikampa mkono. Akawaeleza vijana wote tena upya, ingawa kwenye mtihani wao somo hilo halikuwemo.

Mtihani ulifika. Binti yangu aliporudi kutoka karatasi ya hesabu nilimsubiri nje ya mlango wa banda.

"Imekuwaje?"

"Kila mstari nilisikia sauti yako inauliza kwa nini. Nusura nikwambie unyamaze, mwanafunzi, muda unakwisha."

"Tuko nje hapa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

Matokeo yalichukua miezi, na mimi katika miezi ile nilikuwa nagombana na kila mtu bila sababu. Siku yalipobandikwa, mashine ilikuwa inanguruma na foleni imefika barabarani. Nikamwona binti yangu anakuja mbio, anapiga kelele, na mimi sisikii chochote kwa mngurumo. Akainua mkono akakunja vidole, kama mtu aliyeshika kikombe. Nikafikiri anaomba maji. Nikamwonyesha mtungi. Akatikisa kichwa kukataa, akakunja tena vidole, akauinua mkono juu kabisa, anarukaruka. Ndipo nikaona. Ilikuwa herufi. Ilikuwa C.

Nikazima mashine. Kwenye kazi yetu kuzima mashine gunia la mtu likiwa nusu ni dharau kubwa, na mwenye gunia, bibi mmoja mkali, alianza kunisomea makosa yangu. Nikamwambia, "Bibi, leo unga wako utakuwa wa kusubiri. Nina mwalimu hapa." Mama vitumbua alikuwa kwenye foleni. Mwanawe naye alifaulu. Akanitazama, hakusema pole wala samahani, alinisukumia sinia la vitumbua alivyokuwa anapeleka kuuza, akasema, "Kuleni, kabla sijabadili mawazo."

Si wote waliofaulu. Wawili hesabu iliwakataa, mmoja akarudi mwaka uliofuata akaipata, mwingine akaenda kwenye uselemala na yuko vizuri. Karani alipita kidato cha sita kwa alama ya chini kabisa inayopita, akaja na kreti ya soda. Msichana wa Busi aliwapita wote, sikushangaa. Mwaka uliofuata banda halikutosha, watu walikaa mpaka uani, na wa kwanza kusimama ubaoni kila alipotoka chuoni likizo alikuwa binti yangu. Kule Haneti kwenye kikao kaka zangu waliniuliza mahari ya mwalimu inakadiriwaje. Nikawaambia hiyo mtamuuliza mwenyewe, anazijua hesabu kuliko sisi.

Leo nina nyumba ya vyumba sita, Chang'ombe, na nyingine ya kupangisha upande wa barabara ya Chamwino. Nina mashine mbili za kusaga, moja nzima na moja ya vipuri. Nina jengo la madarasa manne ya tuisheni, la matofali, lina umeme. Nina shamba la zabibu ekari tatu na la uwele Haneti. Ng'ombe kumi na wanane, mbuzi sijawahesabu wiki hii. Pikipiki moja. Mke mmoja, yuleyule. Watoto watano, wawili walimu. Kisima kimoja, kina maji.